Chupa ya Wiki Moja

Nesi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mara mbili. Ilikuwa ya wiki moja. Leo ilikuwa siku ya nne tu, na dawa iliyobaki haikufika upana wa kidole.

"Imemwagika?" aliuliza.

Fundi viatu alitikisa kichwa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono yake yenye gundi ameificha nyuma.

"Baba akipima, hata nzi hapati," alisema binti yake kutoka kitandani.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Uvimbe wa mfupa ulikuwa umemla paja, na hospitali ilishamrudisha nyumbani atulizwe maumivu, basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nesi: kupita nyumba kwa nyumba, begi mgongoni, kwa watoto ambao hakuna tena cha kuwatibu ila kuwapunguzia mateso. Miaka tisa ameifanya, na hakuwahi kupoteza tone asiloweza kulieleza.

Chupa ilipowahi kuisha mara ya kwanza, alinyamaza. Mara ya pili aliuliza kwa upole. Wiki iliyopita binti alikaa siku mbili bila dawa, akiuma pindo la shuka asilie. Ndiyo maana leo nesi alikuja siku tatu kabla ya zamu yake, bila kumwambia mtu.

Angeweza kumwita fundi pembeni. Hakumwita.

"Fundi, umerudia?"

Bibi, mama yake fundi, aliacha kukunja nguo. Kila mtu pale mtaani alijua swali hilo lina maana gani. Miaka miwili nyuma fundi alikuwa akiokotwa mtaroni asubuhi, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo. Mtoto alipougua, akaacha pombe siku moja kama mtu anayezima taa.

"Sijarudia," alisema.

"Basi dawa inakwenda wapi? Hii huwalewesha watu wazima pia, unajua. Mwanao anauma shuka, wewe unakunywa kilicho chake?"

Fundi alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Shangazi nesi," binti alianza, "baba hajanywa. Mimi ndiye—"

"Pumzika, mwanangu," fundi akamkatiza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Dawa ikionekana inakwenda kwa mtu ambaye hayumo kwenye daftari lenu, mnafanyaje?"

"Tunaikata. Asiye na karatasi yenye muhuri wa hospitali haandikwi daftarini. Sheria sikuitunga mimi."

Fundi alimtazama binti yake. "Basi ni mimi. Andika kwamba ni mimi."

Nesi aliandika. Alitoa chupa mpya, akaitia kwenye kisanduku cha bati pamoja na sirinji ya kupimia, akafunga. Ufunguo akampa bibi, mbele ya mwanawe.

"Kuanzia leo, mama, utapima wewe. Huyu asiguse."

Bibi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Nesi aliona aibu ya mzazi, akamhurumia.

Fundi alitoka akaketi kwenye kigoda chake barazani. Alichukua kiatu, akakipakata, asishone. Mteja alifika kuulizia ndala zake. Fundi hakuinua uso, akamwonyesha tu kwa kidole zilipo. Ndani, binti aligeukia ukuta. Kila wiki humtania nesi kwamba begi lake litamtia kibiongo. Leo hakumwambia hata kwaheri.

Nesi alikwenda kunawa kwenye bomba la uani. Wapangaji wa vyumba sita walichangia ua ule, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifua alisogeza beseni lake bila kumsalimia. Yote yalikuwa yamesikika. Nesi alijisugua vidole muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alijiambia kwamba amemtetea mtoto. Lakini maneno yale, "unakunywa kilicho chake", yalikuwa bado mdomoni kama kitu kichungu kilichokataa kumezwa.

Ilitimu saa nane, wakati wa dawa. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona bibi akifungua kisanduku, akipima, akimwinua mjukuu wake kichwa. Binti akameza. Nesi akapumua. Walau hilo limekwenda sawa.

Kisha bibi akapima tena.

Alitoka na sirinji ameificha kwenye ukunjo wa khanga, akakatiza ua haraka kuliko umri wake. Barazani, fundi alijifanya hamwoni. Bibi alibisha hodi chumba cha mwisho, kile chenye pazia badala ya mlango, akaingia.

Nesi alihisi damu ikimpanda kichwani. Hata bibi! Hajamaliza hata nusu saa na ufunguo. Alivuka ua bila kufuta mikono, maneno ameshayapanga, akalivuta pazia.

Kwenye mkeka alikuwa ameketi mwanamke, amempakata mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, tumbo limejaa, miguu kama vijiti vya ufagio. Bibi alikuwa amepiga magoti, akimdondoshea dawa mdomoni polepole, na mtoto alikuwa akiacha kulia.

Mwanamke aliinua uso. Akamtambua nesi, naye nesi akamtambua. Akajiweka sawa kitenge, akasogea upande kumpisha, macho yamejaa machozi na furaha.

"Nesi, kumbe umekuja. Karibu," alisema. "Ile karatasi ya kumwandikisha mwanangu uliyonirudishia dirishani kwenu, muhuri bado sijaupata."