Kura ya Kumi na Moja

"Jaji amelegeza kamba," alitangaza msimamizi wa baraza la juri. "Hatulazimiki tena kukubaliana wote kumi na wawili. Kumi na mmoja wanatosha. Noelene, dada yangu, sasa pumzika."

Noelene alikunja mikono kifuani. Tangu jana ni yeye peke yake aliyekataa mshtakiwa afungwe kwa kuchoma ghala la jirani, maana hakuna shahidi aliyemwona akiwasha moto.

"Afadhali!" alisema mjumbe mwenzao, mkata manyoya ya kondoo, pai ya nyama mkononi. "Mama huyu king'ang'anizi kama kupe. Nina kondoo mia nne wananisubiri!"

"Wanaosema ana hatia, mikono juu."

Msimamizi akahesabu, akarudia kwa kidole. Kumi.

Mkono wa mkata manyoya haukuinuka; ulikuwa bado umeshika pai, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Wewe vipi, bwana? Siku mbili unamtukana mama wa watu!" msimamizi akamaka.

"Hata mimi nina shaka, ila nilijua mama huyu hatakubali," akanung'unika. "Sasa nigombane nanyi ya nini, na yeye yupo?"

Noelene akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Meza hiyo pai, baba," akasema. "Zamu yako kuzungumza."