Mguu wa Pili wa Profesa Korongo

Zamani wanyama walipokuwa na chuo, sheria ilikuwa moja: kila mwanafunzi na mwalimu wake, basi. Mkuu wa chuo, Profesa Korongo, alisimama kwa mguu mmoja kutwa nzima, na wote waliamini kwamba huo ndio usomi.

Nguchiro aliandikishwa kwa Mchwa, asome ujenzi. Lakini alionekana kwa Kuku akijifunza kulea vifaranga, kisha kwa Chiriku akiimba. Akaitwa ili afukuzwe.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Binti, wewe ni mwanafunzi au mpita njia? Nitazame mimi. Mguu mmoja, somo moja!"

"Na huo mwingine umeukunja kwa nini, Profesa?"

"Ndivyo wasomi tunavyosimama."

"Samahani, nadhani ni baridi," alisema Nguchiro. "Mchwa amenifundisha kwamba joto la nyumba hutorokea penye uwazi. Kuku amenionyesha jinsi manyoya yanavyolitunza. Miguu yako haina manyoya, kwa hiyo unauficha mmoja ndani usipoteze joto."

Korongo akauchungulia mguu wake uliokunjwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza.

"Haya, na kwa Chiriku umepata nini?" alijikakamua.

"Wimbo tu, Profesa. Ulinipendeza."

Nguchiro hakufukuzwa. Kesho yake Korongo alionekana akielekea darasani kwa Kuku, ameushusha mguu wa pili, maana kwa ule mmoja asingefika.