Dhahabu Haivaliwi Januari

Otilia alishuka basi vituo viwili kabla ya duka la rehani, akavuta mtandio hadi puani. Mpaka huku Puebla alikuja makusudi. Kwao Atlixco hata mbwa wangeuliza anakwenda wapi.

Kifuani, ndani ya leso, alificha hereni za dhahabu.

Alipewa na mama mkwe wake, Doña Hermelinda, siku ya harusi, Aprili iliyopita, mbele ya watu wote. "Hizi zilivaliwa na bibi yangu, zikavaliwa na mama yangu," mama huyo alitangaza. "Ukoo huu haujawahi kukopa hata chumvi!" Kisha akamvuta kando. "Ila Januari uzipumzishe, mwanangu. Baridi huharibu dhahabu. Sisi hatuzivai Januari."

Basi Otilia hakuzivaa. Laiti taabu ingekuwa hiyo tu.

Bili ya umeme ililala kabatini tangu Krismasi, na Ijumaa wanakuja kukata. Halafu ule mkate wa sikukuu ya Wafalme Watatu, unaookwa na kidoli ndani! Kisu alikishika mwenyewe, kipande alijikatia mwenyewe, na kidoli kikatokea humo humo. Na anayekutwa na kidoli hulisha ukoo mzima tamale, yale maandazi ya mahindi yenye nyama, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Watu ishirini na watatu, bila kuhesabu wasioalikwa.

"Ungekimeza tu, wifi!" dada wa mumewe alimcheka.

Mumewe, Anselmo, alikuna kichwa. "Yuko yule jamaa wa pikipiki. Anakopesha bila maswali."

Doña Hermelinda aliweka kikombe chini. "Yule? Leo anakupa elfu, kesho anataka elfu mbili na friji. Mtu akibanwa, heri aende mahali atakapopoteza kitu, asipoteze usingizi." Akakohoa kidogo. "Nasikia watu wakisema."

Kila mtu alirudi kwenye kikombe chake cha chokoleti ya moto. Otilia alikuwa tayari akiziwaza hereni.

Sasa, dukani, foleni ilikwisha, zamu ikawa yake. Nyuma ya dirisha alikaa mzee mwenye lenzi jichoni. Njiani Otilia alikuwa ametunga uongo mzuri, wenye shangazi mgonjwa na daktari mkali. Ulimi ukagoma.

"Ni mara yangu ya kwanza," alinong'ona, macho sakafuni. "Ukoo wetu haujawahi kuja mahali kama hapa. Mume wangu akilipwa mwisho wa mwezi nitazikomboa, naapa. Ila mama mkwe wangu akijua, baba, sitaweza kumtazama tena usoni."

"Lete tuone, binti."

Alisukuma leso chini ya kioo. Masikio yake matupu yalikuwa yamewaka moto.

Mzee aliifungua leso. Akatoa lenzi jichoni, akaiweka kando. Mzani hakuugusa. Aliinama chini ya kaunta, akapekua, akaibuka na kisanduku cha mahameri iliyopauka, chenye vishimo viwili. Akazipachika hereni humo, moja kulia, nyingine kushoto. Zikaingia kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani.

"Mwaka huu mmechelewa," alisema. "Doña Hermelinda hajambo?"