Kichupa cha Tunu

Mashavu alifika kwenye taasisi ya utafiti wa vinasaba kudai damu ya binti yake, Tunu, aliyezikwa juzi. Kwao, kitu cha maiti hakiachwi nje ya kaburi, hata ukucha.

Daktari akatoa kichupa cha damu hiyo kwenye friza, amwonyeshe tu. "Pole, mama. Ila hii sasa ni mali ya taasisi. Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali mumpime mumtibu! Mali? Uchungu wa kumzaa uliusikia wewe?" Akamnyang'anya.

"Mama, nirudishie haraka! Ikiyeyuka inaharibika!"

"Mwanangu alipokuwa anaisha hamkuwa na haraka hivi."

Akakifumbata kichupa, akamkazia daktari macho. Maji ya barafu yakaanza kumchirizika vidoleni.