Tone la Rangi Nyekundu

Skrubu ya nne haikuwepo, na yule binti fundi alilijua hilo hata kabla bosi hajaipindua mashine.

"Ya nne iko wapi?" aliuliza bosi.

"Haipo."

"Naona haipo. Sijapofuka."

Ilikuwa mashine ya gemu ya zamani, zile za kuchomeka kanda kwa juu, plastiki yake imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Binti aliiweka mezani asubuhi kwa maelezo mafupi: ni ya mteja wa zamani, ilishafanyiwa kazi humu humu karakanani ili picha itoke safi, haikutoka safi, na mteja anataka kuzungumza na bosi mwenyewe.

Kwa kawaida bosi hakuwa na simile na wateja wa namna hiyo. "Picha ni nzima, macho yako ndiyo mabovu," huwaambia, "nenda kapime," na wengi huondoka wakiyafikicha. Lakini safari hii alimwamini mteja bila hata kumwona. Tangu watu waanze kuingia wakiuliza, "Sindano yupo?" badala ya kumuulizia yeye, alikuwa akilitafuta kosa la binti huyu kwa tochi. Sindano ni jina alilopewa na wateja, kwa jinsi anavyochomelea mahali ambapo wengine hata kuona hawaoni. Bosi hakuwahi kulitamka.

Sasa akaliona tone. Pale karakanani, kila fundi akimaliza kazi hudondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya mwisho, na jingine pembeni mwa risiti ya mteja, ili ijulikane ni nani aliyefunga na kama kuna mtu aliyefungua. Miwani, fundi wa meza ya dirishani, alikuwa na kijani. Bosi alikuwa na nyeusi, rangi ya wakubwa kwa maneno yake. Binti alikuwa na nyekundu, chupa kuukuu iliyofika nusu ambayo bosi aliitoa kwenye droo yake na kumtupia siku ya kwanza ya kazi.

Tone lilikuwa jekundu, na halikuwa limevunjika.

"Hakuna mtu aliyeifungua tangu ifungwe," alisema bosi, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Nyekundu ni ya nani humu?"

"Ni yangu, bosi."

"Miwani, acha hiyo kazi. Njoo usikie."

Miwani alikuja na kusimama chini ya kibao ambacho bosi alikiandika kwa mkono wake mwenyewe: KAZI IKIRUDI, ALIYEIFANYA HARUDI. Kibao hicho kilishawatoa mafundi watatu mlangoni, mmoja wao akiwa na mtoto wa wiki mbili nyumbani.

Bosi aliiunganisha mashine na televisheni. Mistari ikapita kioo kizima kwa mshazari, na mchezaji wa gemu akatokea na kivuli chake kimemganda ubavuni, na mpira wake ukaonekana miwili.

"Huu ni mpira au ni mayai mawili?" aliuliza bosi. Akachomoa waya, akashika bisibisi, akafungua.

"Ona. Kazi ya namna hii unaichukua picha palepale inapotoka kwenye chipu, kwa waya mfupi uliofunikwa, unaitoa nje isipite kabisa kwenye kisanduku cha antena. Kila fundi anajua. Huyu kachukua waya mrefu, mtupu, kaupitisha juu ya umeme. Risasi ya kuchomelea kaimwaga kama uji wa mgonjwa. Hii ni kazi ya kulipua. Fundi uchwara kabisa. Alikuwa anawahi wapi?"

"Sijui alikuwa anawahi wapi," alisema binti.

"Unanijibu?"

"Umeuliza, bosi."

Miwani alikohoa. "Bosi, mbona mkono huu haufanani na wa Sindano..."

"Funga mdomo, la sivyo mtaongozana."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, aliwaza Miwani akimtazama binti. Lakini alikuwa na watoto shuleni, akatazama viatu vyake.

Binti alimchukia bosi huyu. Hakumchukia kwa hasira ya siku moja. Karakana mbili nzuri kuliko hii zilimtaka, akazikataa, akaja hapa, na kwa miezi minane alikuwa ameyameza matusi yake bila kutafuna.

"Nitapiga simu kila karakana," alisema bosi. "Hutashika tena chuma cha risasi katika mji huu. Sasa sema, Miwani akisikia. Kazi hii ni nini?"

"Ni aibu."

"Na aliyeifanya?"

"Asirudi. Kibao kimeshasema."

"Umesikia, Miwani? Kajihukumu mwenyewe." Bosi aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Huyo mteja anakuja saa ngapi?"

"Ameshafika."

"Mwite. Nitamwomba radhi mimi mwenyewe, wewe ukiwa unatazama. Kisha uondoke."

Binti alivua aproni, akaitundika msumarini. Akainua kijimlango cha kaunta, akazunguka mpaka upande wa wateja, akasimama wima mbele ya bosi. Akatoa mfukoni risiti iliyogeuka manjano, akailaza juu ya kaunta. Pembeni ilikuwa na tone jekundu, juu yake tarehe ya miaka kumi na nne iliyopita, na mwandiko ulikuwa uleule wa kibao cha ukutani.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Na macho nilikwenda kupima, bosi. Ni mazima."