Roho Ambayo Fisi Hakuikuta

Ngiri mjane alikuwa akimchimbia mumewe kaburi kwa pua na meno yake, ndipo Fisi akatokea na njaa yake ya siku zote.

"Unajisumbua bure, Bi Ngiri. Nimepasua vifua vingi mbugani humu, sijakuta roho hata moja. Ni nyama tu. Niachie."

"Roho yake imerudi kwa Mola aliyempa," alisema Ngiri. Moyo ulimuuma, lakini hakuacha kuchimba. "Mwili nimeachiwa mimi niusitiri."

Fisi alicheka. "Kama roho imeondoka, basi huyu si mumeo tena. Vyovyote utakavyosema, ni chakula changu."

Ngiri akainua uso uliojaa udongo. "Mama yako alipokufa, ulimla?"

Fisi aliacha kucheka. "Nilipita mbali."

"Kwa nini, kama alikuwa nyama tu?"

Fisi aligeuka, akatazama bondeni.

"Ulimwacha wapi?" aliuliza Ngiri.

"Kule bondeni, juani."

"Basi ningoje nimalize hapa," alisema Ngiri, akaliinamia tena shimo. "Kisha tutakwenda kumsitiri na yeye."

Fisi akazunguka upande wa pili wa kaburi, akaanza kuchimba.