Nyumba Zinazoitika Hodi

Siku hizi kila nyumba ya kupanga huko Kibamba huitika hodi kwa sauti ya mpangaji wake, ili vibaka wasijue kwamba yuko kazini mjini.

Sekela alikuwa akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia; majirani hawakumjua sura. Siku homa ilipomrudisha mchana, alimkuta jirani kajikalia barazani kwake, anachambua mchicha na kupiga soga na mlango.

"Unamtaka nani, dada?"

"Hapa ni kwangu," alisema Sekela, sauti imemkauka kwa homa.

Jirani akamkazia macho, kisha akaugeukia mlango. "Shoga, kuna mtu hapa anasema ni kwake!"

"Simjui," sauti ya Sekela ikajibu kutoka ndani. "Mpigie kelele za mwizi."

Jirani akaweka ungo chini, akavuta pumzi.